Asilimia 85 ya Nani?

Msikilizaji, kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotoa matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, kuna namba moja inayokimbia kuliko zote, nayo ni asilimia ya ufaulu. Inasomwa redioni, inarushwa kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp, na wiki mbili baadaye utaikuta kwenye kikao cha tathmini cha halmashauri, mkuu wa shule mmoja akipigiwa makofi na mwenzake akitakiwa ajieleze. Kwa upimaji wa mwaka 2023 namba hiyo ilikuwa asilimia 85.31. Kwa jinsi ilivyopigwa haina kosa: wenye matokeo walikuwa 694,769, waliofaulu 592,741, gawanya mwenyewe utaipata. Ninachotaka tuzungumze leo ni ile namba ya chini, ile inayogawanya. Mkulima wa pamba wa Kishapu akiambiwa jirani yake kavuna kilo elfu mbili hashangilii wala habezi mpaka aulize: kwa ekari ngapi? Kwenye mitihani ya watoto wetu swali hilo hatuliulizi. Nasema kwamba kwa mji kama Maganzo, mkoani Shinyanga, unaopakana na mgodi wa almasi wa Mwadui, na kwa ukanda mzima wa dhahabu kutoka Kahama hadi Geita, asilimia inayohesabiwa kwa waliokaa kwenye chumba cha mtihani peke yao haituambii shule inafundisha vipi. Inatuambia waliobaki wamefanyaje. Tungepaswa kuhesabu kuanzia kwa walioandikishwa.

Tulifuate kundi moja la watoto kwa namba za serikali yenyewe. Hao waliofanya upimaji wa kidato cha pili mwaka 2023, wengi wao waliandikishwa darasa la kwanza mwaka 2015, na mwaka ule nchi nzima waliandikishwa watoto wapatao milioni moja na nusu. Septemba 2021 wakafika kwenye mtihani wa darasa la saba. Wenye matokeo siku hiyo ni 1,107,460, maana yake kama laki nne hawapo. Waliofaulu ni 907,802, na magazeti yakaandika ufaulu wa asilimia 81.97. Januari 2022 hao laki tisa na ushei wakapangiwa kidato cha kwanza. Miaka miwili baadaye, kwenye upimaji wa kidato cha pili, wenye matokeo wameshuka hadi 694,769. Zaidi ya laki mbili wamepotea njiani, na ndani ya hao waliofika wapo pia waliokuwa wakirudia kidato kutoka mwaka wa nyuma. Sasa chukua wale 592,741 waliofaulu uwagawanye kwa waliofaulu darasa la saba: unapata asilimia 65. Wagawanye kwa walioingia darasa la kwanza 2015: unapata asilimia 40 hivi. Watoto ni walewale na mtihani ni uleule, lakini ufaulu ni 85, au 65, au 40, kutegemea umeanza kuhesabu kwenye mlango upi. Najua wapo waliokariri darasa la nne wakasogea nyuma mwaka mmoja, wapo waliohamia nje ya nchi, na wapo waliofariki, Mungu awarehemu. Lakini wanaokariri wa mwaka huu wanajazia nafasi za waliokariri mwaka uliopita, kwa hiyo hilo peke yake haliwezi kumeza pengo la watoto laki tisa kati ya walioandikishwa 2015 na waliofaulu 2023.

Nao wanapotea wapi? Kwa Maganzo jibu halihitaji mtafiti kutoka mbali. Tangu John Williamson alipogundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, mji umeishi kwa jiwe lisilojulikana litaonekana siku gani. Mtoto wa miaka kumi na mbili hahitaji kushika sululu ili aingie kwenye biashara hiyo. Anaanza kwa kusogeza mchanga kwa anayechekecha, anachota maji, anakaa chonjo kuangalia nani anakuja, jioni anapewa hela ya chapati na soda. Mwanzoni daftari la mahudhurio linaonyesha amekosa siku moja, siku ya mnada. Baadaye ni siku mbili, na ikifika Agosti, kiangazi, mashimo yakiwa makavu na kuchimbika kwa urahisi, hakanyagi shuleni kabisa. Na Agosti ndiyo wiki za mwisho kabla ya mtihani wa darasa la saba. Upande wa dhahabu mambo ni hayohayo, tofauti ni majina ya kazi: kushuka duarani, yaani shimoni, kubeba mawe kwenda kwenye karasha ya kuyasaga, kuosha mchanga mwaloni, kushika zebaki kwa mkono mtupu. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2013 kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, na pamoja na hatari za zebaki na mashimo kuporomoka, lilionyesha jinsi kazi hiyo inavyowatoa watoto darasani na kuwashusha maendeleo hata wale wanaojaribu kufanya vyote viwili.

Hapa niseme jambo ambalo huwa halisemwi sana, kwa sababu macho yetu Shinyanga yameelekezwa kwa mtoto wa kike, na kwa haki. Waliosajiliwa kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2023 kitaifa walikuwa wasichana asilimia 53. Wavulana ni wachache kuliko wasichana, wakati wanazaliwa sawa. Mvulana anayeingia shimoni akiwa darasa la tano haachi mimba, haachi mahari, haachi kesi kwa mtendaji wa kata. Hakuna anayempigia simu ofisa ustawi wa jamii. Anaitwa mtoro, jina lake linapigwa mstari, na siku ya matokeo hayumo kwenye hesabu ya waliofeli wala ya waliofaulu. Kwa asilimia yetu ya ufaulu, mtoto huyo hajawahi kuzaliwa.

Kwa wasichana kisa kina mkunjo wake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 uliuweka mkoa wa Shinyanga juu ya mikoa yote kwa ndoa za utotoni: katika kila wanawake 100 wa miaka 20 hadi 24, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Tangu hapo viongozi wa mkoa na mashirika ya kutetea watoto wamekuwa wakilalamikia tabia yenye jina lake, kujifelisha. Mzazi anamwambia binti aliye darasa la saba: nenda kafanye mtihani, lakini weka majibu ya ovyo. Wengine wataona huo ni ukatili usio na akili. Akili ipo, na ndiyo inayotisha. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamweka jela miaka 30 anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi. Neno zito hapo ni mwanafunzi. Maadamu binti yumo kwenye orodha ya shule, ng'ombe wa mahari ni hatari kwa anayetoa. Akishafeli darasa la saba, hana shule ya kwenda, si mwanafunzi tena, na Sheria ya Ndoa ya 1971 iliandikwa ikimruhusu aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Ni kweli kwamba Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba 2019, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, zilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Lakini mzazi wa kijijini hasomi hukumu, anaangalia orodha ya shule. Kwake mtihani umekuwa mlango halali wa kutokea. Nasi tunachukua karatasi ya binti huyo tunaiweka kwenye wastani wa somo la Hisabati, halafu tunamuuliza mwalimu wa Hisabati kulikoni.

Karatasi ya aliyejifelisha na ya asiyejua kitu zinafanana. Mashine ya kusahihisha, ambayo imekuwa ikisoma vivuli vya penseli vya darasa la saba tangu mwaka 2012, haiwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo namba ya juu nayo, ile ya waliofaulu, ina kasoro zake, na kwa kidato cha pili kasoro kubwa ni lugha. Mtoto wa Maganzo anazungumza Kisukuma nyumbani, miaka saba anafundishwa kwa Kiswahili, kisha Januari moja anaingia shule ya kata na kukuta Biolojia na Jiografia zote kwa Kiingereza, somo ambalo kwenye mtihani wa darasa la saba huwa linaburuta mkia. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia Januari 1985, serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta wengi hawawezi kujifunza kitu kwa lugha hiyo. Miaka zaidi ya 40 imepita tukiwa palepale. Anayekaa darasani mwaka mzima asielewe anachoambiwa, huku mwenzake aliyeacha shule anapita na pikipiki, tusishangae akikata tamaa kabla ya Novemba. Zile laki mbili zinazopotea kati ya kupangiwa kidato cha kwanza na upimaji wa kidato cha pili zina mkono wa lugha ndani yake, pamoja na umbali, michango, na njaa ya mchana. Na kufaulu kwenyewe, kwa anayevumilia, kunahitaji alama D katika masomo mawili tu, au C katika somo moja.

Sasa kuna watakaosema: haya yote ni ya kweli, ila si ya Baraza la Mitihani. Kazi ya mtihani ni kumpima aliyeufanya, aliye shimoni hapimiki. Ni hoja nzuri na ninaikubali nusu. Baraza haliwezi kumpa alama mtu asiye na karatasi. Lakini asilimia ikishatoka mikononi mwa Baraza inageuka fimbo na zawadi, na watu hujipanga kufuata kinachohesabiwa. Tunao ushahidi wa hapahapa nyumbani. Mwaka 2013, baada ya matokeo ya kidato cha nne ya 2012 ambapo watahiniwa kama sita katika kila kumi walipata sifuri, serikali ilileta mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikaanza kupangwa hadharani kwa ufaulu wao. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin wakafuatilia matokeo ya darasa la saba ya nchi nzima. Walikuta shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli. Pia walikuta kwamba shule hizohizo zilipunguza idadi ya watoto walioketi kwenye mtihani. Dhaifu waliwekwa kando, namba ikapanda. Baraza lenyewe liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora Januari 2023, na ninalipongeza, ingawa wilayani na kwenye kata orodha zinaendelea kutengenezwa kama kawaida.

Tuchukue mfano wa kubuni, shule mbili za msingi jirani. Ya kwanza iliandikisha watoto 100, waliofika kwenye mtihani ni 50, wakafaulu 45. Ufaulu ni asilimia 90, mwalimu mkuu anapewa cheti na mbuzi. Ya pili nayo iliandikisha 100, mwalimu mkuu akahangaika, akafuata watoto machimboni, akagombana na wazazi, akamtumia mwenyekiti wa kitongoji, akafikisha 85 kwenye mtihani. Wakafaulu 60. Ufaulu wake ni asilimia 70 na kitu, na kwenye kikao anaulizwa kwa nini anaiangusha kata. Huyu wa pili ameivusha jamii watoto 15 zaidi ya mwenzake. Kosa lake ni kuwarudisha darasani watoto waliokosa nusu ya vipindi, ambao kila mwalimu anajua watashusha wastani. Unadhani mwakani atawafuata tena?

Mwingine atasema kwamba hata kama kipimo kina kasoro, kasoro ni ileile kila mwaka, kwa hiyo kulinganisha mwaka na mwaka bado kuna maana. Hapana, kwa sababu idadi ya wanaobaki haitulii. Angalia mwaka 2021 na 2022. Asilimia ya ufaulu wa darasa la saba ilishuka, kutoka 81.97 hadi 79.62, ikasomwa kama kuporomoka. Lakini waliofaulu waliongezeka kutoka 907,802 hadi 1,073,402. Darasa la 2022 ndilo lililoandikishwa Januari 2016, mwaka elimu bila ada ilipoanza, watoto wa masikini walipomiminika shuleni. Watoto zaidi ya laki moja na sitini wameongezeka kwenye orodha ya waliofaulu, na sisi tunasononeka. Ila tusikimbilie kushangilia pia: mwaka ule wa 2016 waliandikishwa karibu milioni mbili, wakiwemo wengi waliokuwa wamepitwa na umri, na ukigawanya kwa hao, waliofika salama ni nusu na kidogo tu. Asilimia imeshuka, idadi imepanda, na waliopotea wameongezeka, yote kwa pamoja na yote kweli. Namba moja haiwezi kubeba habari tatu.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni la walimu. Wanasema: mkianza kutuhesabia watoto walioacha shule, mtatubebesha dhambi za mwenye shimo, za baba aliyepokea ng'ombe, na za serikali iliyochelewa kujenga hosteli. Mwalimu anayefundisha watoto mia kwenye chumba kimoja ana haki ya kuogopa hilo. Lakini kwa hesabu ya leo anabeba nini? Anabeba yote, kimyakimya, kwa sababu mtoto aliyefanya mtihani baada ya kukosa miezi minne anahesabiwa kama aliyefundishwa mwaka mzima. Hesabu inayoanzia kwenye uandikishaji inagawanya mzigo. Ikionekana kwamba katika watoto 100 wa kata fulani 40 walitoka kabla ya mtihani na 10 wakafeli, hata mwenyekiti wa kijiji ataona kwamba tatizo kubwa liko nje ya darasa, na kikao kitalazimika kumwita mtendaji na wenye leseni za uchimbaji wakae meza moja na mwalimu.

Wapo pia wanaosema machimboni watu hawatulii. Dhahabu ikisikika Nyarugusu, mkoani Geita, familia inafunga virago Maganzo kabla ya muhula kwisha, sasa utajuaje aliyehama na aliyeacha? Zamani lingekuwa jibu la kumaliza mjadala. Leo kila mtoto anayeandikishwa shule ya msingi ana namba ya PREM kwenye mfumo wa Baraza lenyewe, na uhamisho unapitishwa humohumo. Mtoto aliyehamia Geita ataonekana Geita. Namba ambayo haionekani popote ni ya mtoto ambaye hasomi. Hakuna fedha mpya inayohitajika hapo, ni kuamua tu kwamba siku ya kutangaza matokeo, kila shule isomewe walioandikishwa, waliohama kwa kumbukumbu, waliofanya na waliofaulu, na tangazo hilo libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata pamoja na mapato na matumizi.

Muda wa kuamua ni mfupi kuliko tunavyodhani. Sera ya Elimu toleo la 2023 imeifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, na elimu ya msingi inaishia darasa la sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, na Januari 2028 wote wanatakiwa kuripoti kidato cha kwanza. Ule mlango wa kujifelisha darasa la saba, kwa maandishi ya sera, unafungwa. Hilo ni jema, ila utakaobaki wazi ni kidato cha pili, ambapo asiyefikisha alama anarudia, na anayerudia shule ya kata huku wenzake wakichekecha mchanga mara nyingi hamalizi muhula. Upimaji wa 2029 utakuwa na watoto wengi kuliko tuliowahi kuona, wengine wakiwa na miaka 13. Asilimia itafanya vituko: inaweza kuanguka vibaya kwa sababu wengi wamebaki, au ikapanda kwa sababu wengi wameondoka, na kwa hesabu ya sasa hatutajua ni lipi kati ya hayo mawili. Orodha za watoto hao zipo tayari kwenye shule za msingi za Maganzo, Mwadui na Songwa, majina na namba za PREM. Zinaweza kuanza kuhesabiwa muhula huu.